Siku Niliyoipandisha Suruali ya Baba

Tangazo lilisomwa kanisani, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya lile la mnada wa ndizi. Wazee waliokuwa jeshini wakapata ulemavu wakiwa kazini waende Bomang'ombe siku ya Alhamisi, wakaandikishwe. Atakayeandikishwa atapimwa mguu au mkono wa bandia bila kulipa, na matibabu ya kigutu chake yatakuwa bure. Mhusika aje mwenyewe na karatasi zake za jeshi. Siku hiyo nilikuwa nimepanda Machame kumsalimia baba, na nilimpiga kiwiko cha furaha mpaka mama wa mbele yetu akageuka. Baba hakugeuka. Alikuwa anatafuta ukurasa wa wimbo unaofuata.

Baba aliacha mguu wa kulia Uganda, wakati wa vita, mimi sijazaliwa. Ulikatwa chini ya goti. Habari yenyewe tuliipata kwa mama, na mama naye alipewa nusu: bomu lililofukiwa njiani, wenzake wawili waliofia hapo, mwisho. Sisi watoto tukimuuliza alijibu, "Nilikuwa kazini," kama mtu anayezungumzia zamu yake kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa.

Mguu wake wa bandia ulikuwa umezeeka kuliko hata wadogo zangu. Ulipasuka sehemu ya juu, pale kigutu kinapoingia, naye akaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tangu mama afariki anaishi peke yake kihambani, shamba letu la ukoo, kwenye migomba ile ile tulimozaliwa, na ng'ombe wawili, akipanda na kushuka mteremko kukata majani. Nesi wa zahanati alinivuta pembeni akaniambia kigutu kina kidonda na mzee anakificha. "Akiendelea na mguu huu, dada, kidonda kitapanda. Goti likienda, hapo ni kitandani tu." Niliogopa. Yote niliyofanya baada ya hapo niliyafanya kwa ajili ya lile goti, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana nilikuwa na sababu nzuri na bado nikafanya ubaya.

Mimi ni mtu wa haraka. Nina duka la vifaa vya umeme Soweto, mjini Moshi, na wateja wananijua kwa mdomo wangu kuliko kwa bei zangu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa mkunga hajamaliza kunawa mikono. Basi Jumatano mchana nikampigia baba simu kumpa maelekezo, kama vile yeye ndiye mtoto.

"Baba, kesho usivae mguu. Njoo na magongo. Na lile koti la kanisani liache nyumbani."

"Niende serikalini na nguo za kukatia majani ya ng'ombe?"

"Ndiyo. Wakuone ulivyo."

"Kwani hivyo ndivyo nilivyo?"

"Baba, mficha uchi hazai!"

Akasema, "Haya, mama." Ndivyo anavyoniita, mama, tangu nikiwa mdogo. Nikakata simu nikiwa nimeridhika kabisa kwamba tumeelewana.

Tumeelewana wapi! Alhamisi asubuhi jirani alimshusha kwa gari lake, na mimi niliyekuwa nimetangulia kushika foleni nilitaka kulia. Koti. Tai. Kofia. Suruali ina mstari wa pasi unaoweza kukata parachichi. Viatu vyote viwili vimepigwa rangi, hata kile cha mguu wa bandia, maana kwa baba na wazee wenzake kwenda ofisini mchafu ni kuitukana ofisi na kujitukana mwenyewe. Akatembea kutoka getini hadi kwenye foleni amenyooka, bila fimbo. Mimi peke yangu niliona taya lake linavyosaga kila akikanyaga mguu wa kulia.

"Baba, tulisema nini?"

"Nimekuja na karatasi," akasema, akagusa mfuko wa koti.

Boma kuna joto na vumbi, si kama kule juu. Tulikaa kwenye mabenchi tangu saa mbili. Pembeni yetu alikuwa mzee mmoja ambaye mkono wa shati lake ulikunjwa ukabanwa na pini begani. Yeye na baba hawakuwa wakifahamiana. Waliulizana kikosi, kila mmoja akatikisa kichwa, na baada ya hapo wakakaa kimya kama watu waliolelewa nyumba moja. Mimi nilihesabu wateja ninaowapoteza. Foleni iliposogea, na baba akasogea nayo wima kama yuko gwaride, nikamnong'oneza, "Chechemea kidogo basi!"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeropoka wakati wa sala.

Saa sita tukafika mezani. Afisa alikuwa kijana mpole, na ninasema hivyo makusudi, maana nimejaribu sana kumlaumu yeye nikashindwa. Alisimama akamwamkia baba, "Shikamoo mzee wangu," akampa kiti, akapokea karatasi kwa mikono miwili. Akazisoma. Akainua macho akamwangalia baba kuanzia kofia hadi viatu.

"Karatasi ziko sawa kabisa, mzee. Sasa mhusika yuko wapi?"

"Nimekuja," baba akasema.

"Naona umekuja, mzee, na tunashukuru. Ila yule mwenye ulemavu lazima aje mwenyewe, tumuone."

Watu wa nyuma wakacheka kidogo, kicheko cha kawaida cha foleni. Baba akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta neno. Miaka yote ile hakuwahi kutamka "mimi ni mlemavu", si kwa mama, si kwa mchungaji, na sasa neno lenyewe alikuwa hana. Angepewa dakika moja angelipata. Angeweza hata kusema lile lake, nilikuwa kazini, na yule kijana angeelewa. Dakika moja tu. Mimi sikumpa.

Niliinama, nikashika pindo la suruali yake, nikaipandisha mpaka pajani.

"Huyu hapa! Si mnataka mlemavu? Mlemavu huyu hapa!"

Mguu ulikuwa pale, rangi ya uji uliopoa, na tyubu yake nyeusi. Juu ya tyubu palikuwa na kitambaa kilichozungushiwa kigutu. Kilikuwa kipande cha khanga ya mama, ile ya kijani ambayo mimi nilidhani alizikwa nayo, na kimelowa damu iliyokauka pembeni na mbichi katikati. Sikuwa nimejua kama hali ni mbaya kiasi kile. Nikaona, na watu wote wakaona pamoja na mimi.

"Dada, shusha," afisa akasema. "Tafadhali, shusha."

Yule mzee wa mkono mmoja alivua kofia yake akainamisha kichwa. Baba hakunifokea. Aliinama, akaitoa mikono yangu kwenye suruali yake taratibu, kidole kimoja kimoja, akaishusha mwenyewe, na akanyoosha ule mstari wa pasi kwa kiganja. Afisa aliandika haraka haraka, akagonga muhuri, akatukabidhi barua: baada ya wiki tatu, mzee aende akapimwe mguu mjini, kwenye karakana ya viungo bandia. Asipofika siku hiyo, nafasi itapewa mwingine.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi! Tukiwa kwenye gari la jirani nilimpigia mdogo wangu wa Dar, "Nimepambana, wamempa!" Nilisimulia yote, na baba amekaa kiti cha mbele anasikia. Nilicheka hata.

Wiki ya pili nikapiga simu kumkumbusha tarehe.

"Siendi," akasema.

"Huendi wapi?"

"Mguu huo umeuomba wewe. Uvae wewe."

Nilidhani ni utani. Nikacheka, yeye akakata simu. Nikapiga tena, hakupokea. Siku ya tatu nesi wa zahanati ndiye aliyenipigia: mzee kapita pale anaegemea fimbo, kidonda kimefika karibu na goti, na kakataa kulazwa. Nilikaa chini kwenye maboksi ya nyaya, mteja ananiuliza bei ya soketi, mimi namwangalia tu.

Nilikwenda kwa shangazi, dada yake baba, anayekaa jirani naye. Nikamweleza, lakini nilieleza kwa kupunguza, kama mshitakiwa. Akanisikiliza anamenya ndizi za mtori.

"Umemvua baba yako nguo mbele za watu," akasema. "Halafu unamtafuta kwa simu?"

"Shangazi, mficha uchi hazai. Nilitaka asaidiwe."

"Sawa, hazai. Lakini hata huyo anayezaa hufungiwa mlango." Akatupa ganda. "Nenda na isale."

Kwetu, aliyemkosea mtu humpelekea jani la isale, ule mmea wa uzio, likiwa limefungwa fundo, na aliyeletewa hawezi kulikataa, hata kama kosa ni la damu. Mimi mtu wa mjini mambo haya nilikuwa nayasikia kwenye misiba tu. Nikashuka Moshi, nikanunua kwa wauza maua kamti kazuri kenye majani ya mistari myekundu, nikapanda nako kwa kujivuna. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hili ni la kupamba hoteli, mwanangu! Utamwomba radhi au utamfungulia baa?"

Akanipeleka mpakani mwa kihamba, akakata jani refu la kijani kwenye uzio uliopandwa na babu, akalifunga fundo, akanionyesha namna ya kulishika. Nilipopiga magoti mbele ya baba pale mlangoni, maneno niliyokuwa nimejifunza njiani yalipotea yote. Nikasema tu, "Baba, nimekuaibisha." Aibu ilikuwa yangu, lakini nilikuwa nimemvika yeye.

Ng'ombe walikuwa wanalia wanataka majani. Mwishowe akalipokea jani, akaliweka mapajani.

"Isale halirudishwi," akasema. "Nimekusamehe. Tutaenda."

Nilishuka mlimani naimba. Niliamini mambo yamekwisha, kwa kuwa mila ilisema yamekwisha.

Siku ya kupimwa tulifika mapema. Baba alikuwa na koti lile lile, viatu vinang'aa, na safari hii sikusema neno. Fundi wa miguu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ana chaki kwenye vidole. Alifunga mlango, akavuta pazia, akamwomba baba apandishe suruali. Nilisogea nimsaidie kuinama, maana goti lilikuwa limevimba.

"Geuka," baba akaniambia.

Nikageuka. Nikasimama nikiuangalia ukuta uliopakwa rangi ya maziwa. Nilisikia tyubu ikifunguliwa, nikasikia kitambaa kikibanduka, nikamsikia akivuta pumzi kwa meno. Yule binti akamwambia pole, mzee, pole sana, goti bado linaokoleka, umekuja kwa wakati. Akampima, akanukuu namba. Alikuwa na mikono mizuri bila shaka, kwa sababu baba alianza kuongea naye. Akamwambia habari za bomu. Akamtajia wale wenzake wawili kwa majina yao, majina ambayo mimi mtoto wake sikuwahi kuyasikia, nikayasikia nikiwa nimempa mgongo.

"Sasa mzee," binti akasema, "huu mguu mpya miezi ya mwanzo unahitaji mtu. Kila jioni akuvue, akague ngozi kama imechubuka, apake dawa. Wewe mwenyewe huwezi kuona kwa nyuma. Nyumbani utakuwa na nani?"

"Hakuna."

"Na huyu dada? Si mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Basi niandike yeye?"

Baba hakuwa na hasira. Hilo ningependa lieleweke. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza fundi tabia ya mashine.

"Usimwandike, binti yangu. Huyu akiona, huonyesha watu."

Kalamu ilisimama. Kisha nikaisikia inaandika neno moja fupi, lile la baba: hakuna. Nilibaki naangalia ukuta mpaka walipomaliza.