Gari Ndani ya Gari: Hofu ya Kila Asubuhi ya Ferista wa Tunduma

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajagusa kompyuta, Ferista Simbeye anasimama mlangoni mwa ofisi ya mbao na kunusa hewa. Anavuta pumzi, anageukia upande wa pili, anavuta tena. Ukungu bado umelala juu ya yadi hii ya malori mjini Tunduma. Harufu iliyopo ni ya dizeli na matope, basi.

Ng'ambo ya mtaro, chini ya bati, akina mama wauza chakula wamekaa mbele ya majiko yaliyojaa mkaa. Hakuna aliyewasha.

"Feri, niwashe?" anauliza Enesi, mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa mtoto.

"Bado, mama. Ngoja kwanza niangalie."

Ferista, mwenye umri wa miaka 27, ndiye aliyeandika programu inayomwambia mlinzi wa geti kila lori likaegeshwe wapi. Mizigo ya kawaida hupanda juu, karibu na majiko. Inayoshika moto hushushwa bondeni, mbali na watu. Aliiandika kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti aliyojifunza Mbeya mjini baada ya kuchoka kuuza vocha mpakani.

Orodha ya malori hutumwa na mawakala wa mizigo kwa mtandao, na huja imekunjwa: ndani ya msafara kuna magari, ndani ya gari kuna mizigo. Wenye fani huiita safu ndani ya safu. Enesi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, anaeleza vizuri kuliko mwandishi wa makala haya.

"Ni kama sufuria zangu nikizipanga jioni," anasema. "Kubwa imemeza ya kati, ya kati imemeza ndogo. Kijiko kiko chini kabisa. Ukifunua mbili ukaacha, hukioni."

Alipoiandika programu yake, Ferista alifunua mbili, akaacha.

Madereva wa njia hii wana desturi yao. Lori likikorofisha njiani, mwenzake hulibeba, maana yake hulivuta, huchukua karatasi zake na kuliandikisha chini ya lori lake mpaka wafike mpakani. Kwa hiyo kwenye orodha, lori lililobebwa huingia tumboni mwa lori lililolibeba.

"Nilijua gari lina mzigo. Sikujua gari linaweza kuwa na gari ndani yake," anasema Ferista, akiitazama mikono yake. "Nimezaliwa hapa hapa Tunduma, malori nayaona tangu natambaa. Sikuwahi kumuuliza dereva hata mmoja."

Mchana mmoja wa masika, mwaka jana, lori la mahindi lilifika getini likiwa limebeba jingine. Programu ilisoma mahindi, ikaonyesha kijani.

"Skrini imesema mahindi, nikafungua," anasema Barnaba, mlinzi wa geti. "La nyuma limefunikwa turubai. Mimi nitajuaje?"

Yote mawili yakapanda juu. Chini ya turubai lile kulikuwa na mapipa ya petroli, na moja lilikuwa likivuja. Maji ya mvua yakaichukua petroli hiyo hadi kwenye mtaro unaopita mbele ya majiko.

Andongwisye, dereva aliyekuwa anasubiri chakula, ndiye aliyeisikia harufu.

"Sikupiga kelele," anasimulia. "Ningepiga, mtu angekurupuka akapiga teke jiko. Nikamwambia Enesi polepole, mama, hayo maji ya ugali yamwage kwenye moto. Yote. Sasa hivi."

Enesi akamwaga. Wenzake wakamwiga, kisha wakatoka wameshikana mikono. Hakuna aliyeungua. Ferista alirudi ofisini kuifungua programu.

"Kompyuta haikulalamika. Haikuandika kosa lolote, ilinyamaza tu," anasema. "Kunyamaza kule kunanitisha mpaka leo."

Aliiandika upya. Sasa kila inachokikuta, programu inauliza kama kuna kingine ndani. Kikiwepo inaingia, inauliza tena, mpaka iufikie mzigo wenyewe. Isipoelewa kitu, inaonyesha nyekundu, na lori halisogei mpaka turubai lifunuliwe.

Hofu haijaondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. "Desturi hiyo moja nimeijua kwa sababu ilitaka kuniulia mama," anasema. "Nisizozijua je?"

Siku hizi chakula cha mchana anakula na madereva, akiwachimba kwa maswali. Wale wa Zambia, wakimwita mama kwa Kibemba, humtania: "Bamayo, leo tena unatuhoji?"

Enesi hataki kwenda mbali na yadi. "Niende wapi, na wateja wako hapa?" Ferista amembembeleza mwenye yadi hadi akakubali kujenga ukuta wa kuyatenga majiko na malori, na kuyahamishia majiko hayo ng'ambo ya barabara kabla ya mvua. Msingi umeshachimbwa. "Programu yangu naipenda," anasema Ferista, "lakini ukuta ndio nauamini."

Asubuhi hii orodha ina lori moja lililobebwa. Skrini inasema ni sabuni. Ferista anatoka, anamwomba Barnaba afunue turubai, anaingiza kichwa ndani. Ni sabuni. Anarudi hadi kwenye mtaro, anainama, ananusa.

"Washa, mama," anasema kwa sauti ndogo.

Enesi anawasha kiberiti. Ferista anabaki amesimama pale, mpaka mkaa ushike.