Sanduku la Makosa

Pale mnarani walimwita Bwana Taratibu, maana hata chai aliinywa kwa utaratibu: kikombe kushoto, redio kulia, macho nje. Miaka ishirini na miwili aliongoza ndege kutua na kuruka, na kazi nyingine hakuitaka wala hakuijua.

Ndipo wakubwa wakaleta mpango mpya wa usalama. Sanduku la chuma likapigiliwa ukutani kwenye ngazi, na mkuu wa mnara akahutubia: "Ukikosea, andika utumbukize humu. Hakuna atakayeadhibiwa. Tunataka tujue tatizo liko wapi kabla halijaua mtu."

Wenzake walicheka chini chini. Yeye alipiga makofi, maskini.

Wiki ya tatu, mchana kweupe, mwenzake wa meza ya pili aliugua na hakuletwa wa kumshikia zamu. Bwana Taratibu akabeba meza zote mbili. Dereva wa gari la ukaguzi akaomba kuingia kwenye njia ya kurukia aokote vipande vya tairi, akaruhusiwa. Sasa, desturi yao ni kibao chekundu: gari likiingia njiani, unakiweka mezani mbele ya maikrofoni, kikukumbushe kwamba kuna mtu kule. Alikiweka. Ila alikiweka kwenye meza aliyokaa dakika ile, kisha akahamia ya pili kumjibu rubani aliyeomba kutua. Akatazama mbele yake, hakuna kibao. Akamruhusu.

Dereva aliona taa za ndege zikimjia, akakata usukani hadi majanini. Ndege ikapita.

"Yaishe, mzee," dereva alimwambia jioni. "Aliyeona ni mimi, wewe na Mungu."

"Kesho atakuwa mwingine, na huenda asipate bahati yako."

Nyumbani mkewe alipomwona na kalamu alielewa. "Baba watoto, utajichongea."

"Mficha uchi hazai, mke wangu."

"Sawa, zaa. Lakini si katikati ya soko!"

Akaandika kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa kosa lake, bila kujitetea. Wa pili ulikuwa dawa: mtu mmoja asishike meza mbili, na kila meza iwe na kibao chake. Gharama ya kipande cha ubao na rangi kidogo.

Siku nne baadaye mkuu alimwita. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umepigwa mistari ya wino mwekundu. Wa pili haukuwa na hata alama ya kidole.

"Umekiri mwenyewe," mkuu akasema. "Mimi nifanye nini?"

Akaondolewa kwenye maikrofoni, kwa muda tu, wakasema. Muda ukawa mwaka. Wakampa chumba chini ya ngazi na kazi ya kulilinda lile lile sanduku: kila Jumatatu alifungue, ahesabu, aandike ubaoni. Nani angeandika tena baada ya kumwona yeye? Kila Jumatatu ilikuwa sifuri. Wageni kutoka makao makuu waliusoma ubao, wakampongeza mkuu kwa mnara usio na makosa. Na mimi naapa, mzee wa watu alikonda kwa sifa hizo.

Siku moja, dirishani mwake, aliona ndege iliyokaribia kugusa lami ikinyanyuka ghafla kwa kishindo. Chini yake lilikuwepo gari la ukaguzi. Hakuhitaji kuambiwa.

Zamu ilipokwisha, mwongozaji wa zamu hiyo alishuka ngazi, mwanamke aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, kibao chekundu mkononi.

"Mwalimu, nilikuwa peke yangu kule juu. Nilikiweka meza ile nyingine." Akakiweka kibao mezani. "Nina watoto watatu. Niandike?"

Fomu zilikuwa mezani baina yao. Neno lenyewe lilikuwa moja, na alikuwa amelifundisha miaka yote: andika. Alifungua mdomo, likakataa kutoka.

"Nenda nyumbani, mwanangu," akasema. "Kapumzike."

Akaondoka akishukuru, na shukrani zile zilimuumiza kuliko wino mwekundu.

Jumatatu alifungua sanduku, akaingiza mkono hadi chini ingawa alijua. Akafuta sifuri ya wiki iliyopita, akaandika nyingine pale pale, kwa mwandiko safi. Kule juu, mtu mmoja alikuwa ameshika meza mbili.