Komunike ya Fundi Seifu

Fundi Seifu alirudi kutoka semina ya wafanyabiashara wadogo na uso wa mtu aliyetoka kuhiji. Shirika moja lilikuwa limekuja kutufundisha kuuza, sisi watu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, ambao babu zetu walikuwa wakiuza kabla shirika lenyewe halijazaliwa. Lakini soda zilikuwa za bure, na wakati ule wa ambargo, nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, soda ya bure ilikuwa elimu tosha.

Biashara yake ilikuwa mpya na haikuwa ya kipumbavu, hilo nalikubali. Mipaka ilikuwa imefungwa, nguo haziingii, makoti ya watu yamechakaa viwikoni. Seifu alifumua koti, akageuza kitambaa ndani nje, akashona upya. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua. Na cherehani ilikuwa ya mkewe Khadidja, urithi wa mama yake. Khadidja alikuwa ameshasema mbele yangu, huku nikimpimia makaa:

"Seifu, mi sitaangalia mashini ya mama inalala. Kama mpaka Ijumaa hakuna client hata moja, inaenda kwa dada Mwavita. Yeye anajua kuitumikisha."

Ndipo plan ya marketing ikaandikwa. Seifu alinisomea barazani. "Mteja wako ni nani?" semina ilikuwa imeuliza. Alijibu: kila mwenye koti, kwanza wakubwa wa serikali wa mtaa wa Kiriri. Nikamwambia wakubwa wa Kiriri hugeuka wenyewe bila fundi. Hakucheka. "Atakusikia wapi?" Hapo alikuwa amepiga mstari chini ya neno moja: redio.

"Mama Anouar," aliniambia, "mji muzima unasikilizaka redio saa ya komunike. Hata mutu mwenye kulala anaamuka."

Ni kweli. Katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe hatukusikiliza hotuba wala muziki kama tulivyosikiliza matangazo ya vifo. Sufuria iliachwa iungue, mtoto alizibwa mdomo, mpaka majina yaishe na ujue kama la kwenu limo. Seifu akaona wateja wamejaa pale. Akaenda redioni na karatasi yake, na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa amesikia komunike za aina moja tu, akaiandika hivyo hivyo.

Jumatano mchana ikasomwa: "Familia ya Seifu Hamimu, fundi wa cherehani huko Buyenzi, inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki popote walipo..."

Iliyobaki sikuisikia. Hakuna aliyeisikia. Nilikuwa tayari barabarani, kitenge kinanidondoka, napiga yowe. Asubuhi nilikuwa nimemwona Seifu mzima akinunua mkate, lakini miaka ile kumwona mtu mzima asubuhi hakukuthibitisha kitu.

Kufumba na kufumbua, mikeka ilikuwa imetandikwa. Mafundi wa magari walifunga kazi, wanawake wakaja na sufuria na mchele. Birindwa wa baiskeli, aliyekuwa akiapa kwamba Seifu hajui kunyoosha mshono, alishika ukuta akilia kwamba Bujumbura haitapata tena mkono kama ule. Ndipo Seifu akatoka ndani, futi shingoni, uso unang'aa.

"Karibuni! Karibuni clients! Muko wengi, muje moja-moja!"

Mwanamke mmoja alizimia. Sisi wengine tulimtukana hadi tukachoka, kisha tukakaa. Mchele ulikuwa umeshachemka, na matanga yakishatandikwa hayakunjwi kwa sababu ndogo kama hiyo. Seifu alimwomba Birindwa arudie ile habari ya mkono. Birindwa akasema hakumbuki. Lakini nani huja matangani na koti la kushonwa? Khadidja alimtazama mumewe, kisha akaitazama cherehani, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilimwonea huruma yule bwana.

Jioni ilipokaribia, mwanamume mmoja alisimama mwanzo wa njia kama anayeomba ruhusa. Alikuwa Callixte, karani kutoka mtaa wa Kigobe, rafiki wa Seifu tangu shule ya msingi. Suti yake ya harusi ilishonwa na Seifu. Tangu mwaka 1993, mji ulipogawanyika kwa ukabila na kila mtaa ukawa na watu wake, hakuwa ametia mguu kwetu. Alikuja akilia waziwazi. Alipomwona marehemu anakula wali, aliketi palepale vumbini.

"We uko muzima?"

"Mi niko muzima miaka yote hii, Callixte. Mbona haukukuja?"

Callixte alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Niliogopa. Mutu mwenye kuenda kwenye kilio, pa barrière maaskari wanamuacha apite. Mwenye kuenda kusalimia rafiki, wanamuuliza: rafiki wa namna gani?"

Niliona aibu, na sijui niliiona kwa niaba ya nani. Kumbe watu wote wa Seifu waliweza kuja, ilimradi awe amekufa.

Seifu aliweka sahani chini, akamvua rafiki yake lile koti jeusi la harusi. Viwiko vilikuwa vimekwisha. Akafumua bitana kidogo, akachungulia.

"Ndani kungali kupya," alisema.

Khadidja akainuka bila kuambiwa, akaenda kutia uzi kwenye cherehani ya mama yake.

"Uje uichukue Ijumaa," Seifu akasema.

"Nitatuma mutu."

"Apana. Mi sitapatia mutu mwingine koti yako. Uje we mwenyewe."

"Na pa barrière nitasema naenda wapi?"

"Sema unaenda kwenye kilio yangu. Nitaendelea kufa mpaka uzoee njia."

Ijumaa Callixte alifika kabla ya habari za mchana, hana koti, macho bado yamelowa kwa kilio alichowaonyesha maaskari.