Matairi Ishirini na Mawili

Duka langu la kushona nguo liko Tunduma, kando ya barabara kuu. Foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia ikirefuka, hufika hadi mlangoni kwangu. Miaka kadhaa iliyopita lori moja lilisimama mbele ya dirisha langu siku nne mfululizo, likanizibia mwanga. Siku ya kwanza nilimtukana dereva kimoyomoyo. Ya pili nikamtukana kwa sauti. Ya tatu nikanyamaza na kuanza kulitazama lile lori, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Siku ya nne nilichukua chaki ya kuchorea vitambaa nikalichora kwenye kipande cha boksi: tanki la mafuta, ngazi, vioo vya pembeni, mpaka zile nati za ringi. Foleni iliposogea na lenyewe likaondoka, nilihuzunika, na nikajishangaa.

Ndivyo nilivyoanza kutengeneza malori madogo. Nasema madogo, sisemi ya kuchezea, na anayetaka kugombana nami aanzie hapo. Sentimita ishirini za lori la kweli kwangu ni sentimita moja, na hapo sina mjadala. Kichwa cha lori nakikata kwenye mabaki ya dari za plastiki. Matanki ni vipande vya bomba la maji, springi natoa kwenye kalamu, vioo vinatoka kwenye vikopo vya poda vilivyovunjika. Rangi ni ya kucha, kwa sababu inang'aa na haichuruziki. Turubai la trela nalishona mwenyewe, kwa mshono mdogo kuliko wa kola ya mtoto mchanga. Matairi nilikuwa nayakata kwenye soli za kandambili na kuyachonga kashata zake, yale meno ya kushika barabara, kwa wembe, moja moja.

Wateja wangu wa sketi walilalamika, madereva wakafurahi. Dereva mmoja wa Zambia, aliyezoea kunisalimu dirishani kwa Kibemba "mulishani ba mayo", yaani hujambo mama, kila foleni ilipomleta, aliniomba nimtengenezee la kwake. Nilipomkabidhi alilishika dakika kumi nzima, kisha akaniambia nimesahau kifuniko cha betri. Nilichukia siku nzima, kwa kuwa alikuwa sahihi.

Sasa nimseme baba yangu. Alikuwa dereva wa masafa marefu, Dar es Salaam hadi Lubumbashi, na lori lake la mwisho alikaa nalo miaka mingi kuliko aliyokaa na mimi nyumbani. Silalamiki, nahesabu tu. Kisha akapata presha ya macho. Jicho la kushoto lilitangulia kuzima, la kulia likafuata kabla mwaka haujaisha, na daktari akamwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Akapanda basi kama abiria, jambo alilolichukia maisha yake yote, akarudi kwetu Hasamba kwenye kahawa yetu na baridi yetu.

Akakaa. Palikuwa na kiti cha mbao sebuleni, akakigeuza kikaelekea ukutani, akakaa hapo. Hakulia wala hakunung'unika, na angefanya hivyo ningepumua. Hakutaka kitu chochote. Ukimpa chai anakunywa, usipompa hadai. Ukimwekea kijiko mkononi anakula, kikianguka anaacha kula. Madereva wenzake walipita kumwamkia, akawaitikia kwa adabu kama mtu anayeitikia salamu za wageni wa jirani, wakachoka kupita. Hali hiyo ilidumu mwaka na zaidi.

Mama yangu ni mtu wa maneno machache, na hayo machache yana makali. Siku moja alinipigia simu katikati ya kazi.

"Baba yako anasubiri kufa," akasema. "Na mimi amenipanga foleni."

Nilibaki mbele ya cherehani bila kukanyaga. Niliogopa kweli. Kumpunguzia mtu suruali naweza, kumwongezea naweza, lakini kumrudisha mtu aliyekwisha kuondoka huku amekaa kitini, hilo sikujua linaanzia wapi. Nikawaza kitu kimoja tu ninachokiweza na ambacho yeye alikipenda. Nikaamua kumtengenezea lori lake.

Lenyewe nilijua liko wapi. Tajiri wake alikuwa amelitoa barabarani, likawekwa kwenye yadi moja hapa hapa Tunduma, linanyofolewa vipuri. Nilikwenda na tepu yangu ya shingoni nikaomba kulipima. Mlinzi wa yadi alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, unalishonea suti?"

"Na koti la mvua," nikamjibu, nikaendelea kupima.

Nilipima kila kilichobaki. Niliandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja, ukurasa mmoja kiuno cha mwalimu wa kwaya, unaofuata urefu wa bampa. Miezi mitano nilifanya kazi hiyo, Jumapili baada ya ibada na siku za kazi wateja wakipungua. Nililiwekea lori mkwaruzo wake wa mlangoni, taa zake za juu, mapazia yake ya bluu. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya sentimita themanini, na hapakuwa na kitu juu yake kilichozidi kipimo hata kwa upana wa uzi. Nililipenda. Kama lingekuwa la mtu mwingine ningeliibia picha.

Nilisafiri nalo nimelifunga kitenge. Kutoka Vwawa nilipanda bodaboda, na kijana mwenye pikipiki akaniambia atakwenda polepole kwa ajili ya mtoto. Sikumsahihisha, kwa sababu nilitaka aende polepole.

Baba aliniitikia shikamoo yangu akiwa ameelekea ukuta wake. Nikavuta meza mpaka magotini pake, nikaweka lori juu ya meza, nikachukua mikono yake miwili nikaiweka juu ya lori. Sikusema ni nini.

Vidole vyake vilikaa kimya kwanza. Halafu vikatembea: bampa, kioo cha mbele, ngazi, mlango, tanki. Vikapanda juu ya turubai.

"Umeshona vizuri," akasema.

Mama alikuwa amesimama na ufagio, hafagii. Baba akashuka mpaka kwenye matairi, akaligusa moja, akasita.

"Nipe njiti ya kiberiti."

Nikampa. Akaishika kwa vidole viwili, akainama, akaanza kugonga matairi. Aligonga la mbele, akasikiliza. Akagonga la pili, akasikiliza. Akazunguka upande mzima, ya nje na ya ndani, kisha akaiweka njiti mezani na kurudisha mikono yake mapajani.

"Yote yana pancha," akasema. "Lori hili haliendi popote."

"Baba, ni mpira wa kandambili. Ni mfano tu."

"Najua ni mfano," akasema, na akageukia ukuta.

Niseme ukweli, nilikasirika vibaya. Miezi mitano! Niliondoka bila kunywa chai, jambo ambalo kwetu ni tusi, na mama akanifuata hadi uani kuniita mkaidi kama babangu. Njia nzima nilijitetea kichwani. Nilijiambia mzee hana shukrani. Nilijiambia kosa langu ni kuwa na moyo. Nilifika Tunduma, nikashona zipu ya mtu kinyume, nikaifumua, nikaishona kinyume tena.

Ilikuwa siku ya tatu au ya nne, utingo mmoja aliposhuka mbele ya duka na kipande cha nondo akaanza kugonga matairi ya lori lao. Wote hufanya hivyo asubuhi kabla ya kuondoka, nimewaona mara elfu. Matairi ya nyuma yamekaa mawili mawili, na moja likiisha upepo mwenzake hulibeba, kwa hiyo ukitazama huoni chochote. Utafika mlimani ndipo ujue. Ndiyo maana dereva hatazami, anagonga. Tairi zima linajibu kwa mlio wa juu, mkavu. Lililopungua linasema pu, basi. Mimi nililipima lori la baba yangu kwa tepu kuanzia taa hadi bampa ya nyuma, na katika miezi mitano sikuwahi kuligonga.

Kisha nikakumbuka jambo jingine, nikaweka mkasi chini. Aliniomba njiti. Tangu macho yazime, mtu yule hakuwahi kumwomba mtu yeyote kitu chochote, na mimi nilikuwa nimekasirika kiasi cha kutosikia.

Shida ikawa kutafuta tairi linalojibu. Soli haijibu. Mbao inajibu vibaya, kama mlango. Nilijaribu vifungo vya makoti, vizibo vya soda, mwisho wa kipaza sauti kilichokufa. Nilikuwa napita kwa majirani nikigonga vyombo vyao kwa njiti ya kiberiti na kutega sikio, na watu walinihurumia. Nilipata jibu kwa mama muuza chipsi wa jirani: vifuniko vya madumu ya mafuta ya kupikia. Ukichukua kifuniko, ukakivika ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovutwa hadi ukakaza, ukaziba mgongo wake kwa kiduara cha plastiki na gundi, ndani panabaki hewa. Ukigonga, kinajibu.

Tatizo, vifuniko vile vilikuwa vikubwa. Vilizidi kipimo changu kwa milimita tatu. Msomaji anaweza kucheka, lakini mimi nilikaa na rula usiku na mchana nikitafuta namna ya kuvipunguza, na kila nilichokipunguza kilipoteza mlio. Mwishowe nikang'oa matairi yote ishirini na mawili ya kandambili, yale niliyoyachonga kashata kwa wembe, nikafunga ya vifuniko. Lori likaonekana kama mtoto aliyevaa viatu vya kaka yake. Kila nilipolitazama, jicho liliniuma. Nikawa nafumba macho, nagonga, nafurahi.

Nilirudi Hasamba Jumamosi moja ya ukungu. Niliweka lori mezani na njiti pembeni yake, nikakaa mbali kidogo, mikono nimeikalia.

Baba hakupapasa turubai safari hii. Alikwenda moja kwa moja kwenye tairi la mbele la kulia. Akagonga. Likajibu. Akatulia hivi, akagonga tena, kama mtu aliyeitwa jina lake na hana hakika. Akaenda la pili. Aliligeuza lori taratibu kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukigonga, la nje, la ndani, la nje, la ndani. Nilikuwa nahesabu kwa midomo. Alipofika trela, upande wa kushoto, mhimili wa mwisho, tairi la ndani, akasimama. Akarudia. Akarudia tena.

"Hili linavuja."

"Haiwezekani, baba. Nimeyagonga yote."

"Ulikuwa unagonga huku unayatazama?"

Hili nililigonga nikiwa nalitazama. Nikalichukua lori nikasogea nalo mlangoni kwenye mwanga. Sikuona kitu. Nikaingiza ukucha, na kweli, kile kiduara cha mgongoni kilikuwa kimeachia gundi upande mmoja, nafasi nyembamba kama karatasi.

"Ni kweli," nikasema. "Ngoja nilirekebishe."

"Lirudishe hapa." Akanyoosha mkono. "Nani dereva?"

"Wewe, baba."

"Basi nipe gundi."

Mama alikuwa ametokea jikoni na mwiko mkononi, akanitazama, akautazama ule mkono ulionyooshwa. Nikaufungua mrija wa gundi nikamwekea kiganjani. Aliutafuta mdomo wa mrija kwa kidole, akautafuta ule ufa kwa ukucha, akatia tone, akakandamiza kwa gumba. Huku amekandamiza akaanza kusimulia, wala si kwangu hasa, kwa lori: kwamba kwenye mlima wa Kitonga aliwahi kuvujiwa vivi hivi, la ndani, la mwisho, na utingo wake akaapa kwamba yote ni mazima kwa kuwa ameyaona kwa macho yake mawili. Alicheka alipofika hapo. Mimi nilikuwa nalia na nikashukuru kwamba mmoja wetu haoni.

Aliposema sasa imekauka na kuvuta mkono, lori zima likainuka nao. Gumba lilikuwa limeganda.

"Mama we!" akaita. "Nimenasa!"

Mama alileta maji ya moto na sabuni, akimgombeza tangu jikoni hadi mezani kwamba mzee mzima anachezea gundi. Baba naye akamwambia badala ya kelele angeleta na chai, maana tangu asubuhi watu wa nyumba hii hawajui kuandaa chai. Mama akaiacha sabuni mezani, akaenda kupika hiyo chai.

Lori liko Hasamba mpaka leo, na kila asubuhi hukaguliwa. Ukilipindua utaona, kwenye tairi la ndani la mwisho kushoto, alama ya gumba la baba yangu imekauka ndani ya gundi, mistari yake yote ikionekana. Kwa kipimo changu gumba hilo lina upana wa nusu mita. Msasa wa kulisawazisha ninao, na nimeliacha.