Waya wa Mamboleo

Chengachenga zilipojaa kwenye runinga, jasho jembamba lilimtoka Yahya, mpiga picha za video kutoka Kaloleni, Kisumu. Kanda ilikuwa moja tu: mazishi ya mama yake Joram, hapo Luanda Kotieno. Joram alikuwa ng'ambo mama alipozikwa, na sasa ukoo mzima ulikaa naye sebuleni ili amwone mama akiagwa.

"Bwana Yahya, hiyo ni waya ya video ama ya kufunga kuku?" Joram aliuliza. "Mama yangu akipotea humo, hutoki hapa."

Yahya alikuwa ameununua waya huo kwa bei ya chini pale mtaa wa Mamboleo, na kimoyomoyo aliomba kosa liwe la waya, si la kanda.

Joram akatoa waya mnene wa bei ghali aliokuja nao kutoka Ulaya. Wakabadilisha. Chengachenga zikabaki zilezile. Hapo Yahya akaingiwa na hofu: ikiwa si waya, basi ni kanda, na mama hazikwi mara mbili.

Akafungua mashine ya kuchezea kanda aliyokuja nayo, akapangusa vumbi la safari kwenye kichwa cha kusomea kanda, akabonyeza tena. Mama akatokea, uso wazi ndani ya jeneza.

"Sasa rudisha ile ya kuku tuone," alisema Aoko, dada yake Joram.

Yahya akaurudisha ule wa Mamboleo. Picha haikubadilika hata kidogo.

Joram hakuwa akitazama waya tena, alikuwa akilia. Yahya alisimama kando ya mashine, akiogopa kuketi kabla kanda haijaisha.