Divai Iliyofukuza Sambaza Wangu

Majina ya watu hayanipotei. Wote waliokaa sebuleni kwangu siku ile ninawajua, hata majina ya baba zao ninayo. Hapa siyaandiki. Bado nina hasira, na mwenye hasira asitaje jina la mtu.

Walikuja kumposa mjukuu wangu. Alfajiri nilishuka Nyamyumba mwenyewe, nikawangoja wavuvi watoke ziwani, nikarudi na ndoo ya sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Nikawakaanga mpaka wakawa wanalia mdomoni. Ndimu, pilipili, chumvi. Mwanangu, baba yake msichana, amekua kwa sambaza hao.

Mke wake akafika kutoka Kigali na makasha ya divai nyekundu ya Hispania. Bon, divai si kosa, hata kanisani iko. Lakini alizunguka meza akisoma simu yake, kisha akainua sahani yangu ya sambaza kwa mkono mmoja, kama mtu anayekwenda kumwaga majivu. Kwetu kitu cha mkubwa hushikwa kwa mikono miwili.

"Unawapeleka wapi?"

"Jikoni, Mama. Hii divai haiendaki na samaki. Inapendaka nyama nyekundu na fromage."

"Inapenda? Kwani divai ndiyo imekuja kuposa?"

Wasichana wa jikoni wakacheka. Yeye hakucheka. Pale walipokuwa sambaza akaweka jibini ya Mudende, na kando yake nyama ya kuchoma iliyonukia majani nisiyoyajua. Nikamuuliza ni nyama gani.

"Ya mwana-kondoo, Mama. Kule Hispania ndiyo wanakulaka na hii divai."

Kondoo! Mezani kwangu! Kondoo kwetu hutembea na ng'ombe ili ng'ombe watulie, haliwi. Mama yangu alinibeba mgongoni kwa ngozi ya kondoo. Sasa nimtafune aliyenibeba? Vijana wa leo wanakula, na wale, siwakatazi. Lakini wageni walipoingia, wazee wao waliiona ile nyama, wakatazamana, mikono ikabaki magotini.

Mwanangu akanimiminia glasi ya kwanza, maana mkubwa wa nyumba huonja ndipo wageni wanywe. Nikaiweka chini.

"Onja, Mama, watu wanangoja."

"Lete sambaza wangu."

"Mama, tafadhali, usituaibishe."

"Aibu iko kwenye sahani hiyo. Lete!"

Nisipoonja, hakuna anywaye, na maneno ya posa hayaanzi. Mjukuu wangu alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza, nilijua, na roho iliniuma. Glasi sikuishika.

Sahani ikarudi nusu tupu. Sambaza wengine walikuwa wameshapewa madereva huko nje. Nikatafuna samaki, nikanywa divai juu yake. Ee Mungu wangu! Kama kulamba jembe la zamani. Mkazamwana wangu alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililonizidishia hasira.

"Kweli haviendani," nikawaambia wote. "Basi kimoja kitoke. Sambaza ni wa hapa. Mgeni ni nani?"

Baba mkubwa wa bwana harusi, mzee wa ndevu nyeupe, akanyoosha mkono akachota sambaza.

"Mukecuru, bibi yetu, mi nakaa na mwenyeji. Urwagwa iko?"

Iko! Pombe yetu ya ndizi ilikuwa imefichwa stoo, eti haifai kwenye picha. Ikatolewa, nikaionja, wazee wakacheka, maneno yakaanza. Posa tuliikubali jioni ileile.

Mkazamwana wangu aliondoka bila kuniaga. Divai yake iko kwangu, chini ya kabati, na juzi alipiga simu kuiulizia. Nilimjibu: njoo uichukue, nitakupa kwa mkono mmoja.