Nyekundu ya Ndege wa Lambwe

Makuyu yaliyoiva yakianguka chini na kukanyagwa hutoa harufu ya utamu unaoanza kuchacha, kama uji uliosahauliwa chunguni. Niliisikia majuzi nikitoka sokoni Ndhiwa, nikasimama katikati ya njia na kapu langu mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina. Msinicheke. Chini ya harufu hiyo ndipo nilipopatia sifa ya kuwa mwongo nikiwa na miaka tisa.

Tuliishi bonde la Lambwe. Uhuru ulikuwa bado mpya, na watu wa serikali walikuwa wakifyeka vichaka ili mbung'o wakose pa kujificha. Kila juma msitu ulisogea mbali kidogo na boma letu. Kando ya kijito kilibaki kipande kimoja tu, chenye mkuyu mkubwa, na huko ndiko nilikotumwa kuokota kuni. Siku hiyo nilimwona ndege mweusi, mkubwa kama jogoo mchanga, uso wake wa manjano, akikimbia juu ya tawi kama panya wa darini. Kisha akaruka. Mabawa yakafunguka, yakawa mekundu, mekundu kabisa! Alipotua mti wa pili, alikuwa mweusi tena.

Nilisahau kuni. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja tu: ile nyekundu ilikwenda wapi?

Nyumbani nilisimulia huku nikihema. Kaka yangu Odhiambo alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndege gani huyo anabadilisha nguo akiruka?" Baba hakucheka. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimewafanya watu wote watoke mbio na mikuki kwa sababu ya chui, na chui yule akawa gunia. Sasa nilikuwa nimerudi bila kuni, nikiwa na ndege. Akasema hataki kusikia tena habari za ndege huyo, na kwamba mtoto asiyejua tofauti ya alichoona na alichoota hawezi kuaminiwa hata na mbuzi. Nililia kweli. Kuchapwa ningevumilia, kutoaminiwa kulinichoma.

Ni Dani pekee aliyeuliza swali la maana. Dani ni nyanya yetu, mama yake Baba, na wasichana wote wa boma tulilala nyumbani kwake. "Alilia vipi?" akaniuliza. Nikaiga ule mlio wa kukoroma, krruu, krruu. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi yupo," akasema.

Mimi na Dani tulikuwa marafiki wakubwa. Nilimtungia uzi kwenye sindano, nilimchagulia mawe kwenye maharagwe, na mtu akitokea njiani aliniambia nimtajie ni nani. Nilidhani ananizoesha kazi za nyumbani, na nilijiona hodari kuwashinda wote.

Baada ya siku chache Baba Mdogo Owino, kitinda mimba wake Dani, alifika kutoka Migori alikokuwa akipiga picha za harusi. Kamera yake ilikuwa sanduku jeusi. Uliishika tumboni, ukachungulia kioo kidogo kwa juu. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja, na hiyo ilikuwa ya Dani. Hakuwahi kupigwa picha maishani. Kila mzee alitaka kuwa na yake, itundikwe ukutani, watoto watakaozaliwa baadaye wajue walikotoka. Dani alivaa gauni lake la kanisani, kiti kikatolewa nje, boma zima likakusanyika. Akakaa, akanyoosha shingo. Baba Mdogo alipokuwa akipima jua, Dani akanyanyuka.

"Owino, mimi hapa kila mtu ananijua," akasema. "Nendeni mkampige picha huyo ndege, mtoto aache kuchekwa."

"Mama, imebaki moja tu," Baba akasema. "Na filamu nyingine hatujui itapatikana lini."

"Nimesikia ni moja. Sijaomba mbili."

Tukaenda watatu, Dani na gauni lake la kanisani, mkono wake begani mwangu njia nzima. Tukakaa kwenye nyasi. Baba Mdogo akanipa kamera, akanionyesha pa kubonyeza, akaniambia nisitikisike. Tulingoja sana. Dani ndiye aliyetangulia kujua. "Amekuja," akanong'ona. "Juu, upande wa kushoto." Na kweli, alikuwa pale, akila makuyu bila wasiwasi.

Nilijua nikimpiga ametulia nitakuwa nimepiga ndege mweusi tu, na Odhiambo atacheka tena. Ilibidi nimngoje aruke. Mbung'o akatua shingoni mwangu na kuniuma, nikamwacha anywe. Kisha mabawa yakafunguka, nikabonyeza. Nilimwona mwekundu ndani ya kile kioo, mdogo kama kucha.

Picha zilirudi kutoka Kisumu baada ya mwezi. Boma zima lilikusanyika tena. Palikuwa na tawi, na kivuli cha ndege aliyetanua mabawa, vyote rangi ya majivu. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba kamera ile haitoi rangi. Picha zote tulizowahi kuona zilikuwa hivyo hivyo, lakini tulidhani ni kwa sababu maharusi huvaa nyeupe na nyeusi. Baba Mdogo alijikuna kichwa. Nadhani yeye alijua, akashindwa kumpinga mama yake.

"Nyekundu iko wapi?" Odhiambo akauliza. Natamani ningeweza kuwaambia jinsi nilivyotaka ardhi inimeze.

"Lete hapa," Dani akasema. Akafuta kidole gumba kwenye gauni, akakipitisha juu ya picha polepole. Aliishika juu chini, nikadhani ni mbwembwe zake. "Hii hapa," akasema. "Nyekundu kabisa." Kisha akageukia upande wa Baba. "Ama mtasema na mimi ni mwongo?"

Baba akakohoa. "Ni nyekundu, Mama," akasema. Tangu siku hiyo hakuna aliyenicheka.

Miaka mingi baadaye, nikijifunza uuguzi, niliwekwa wodi ya macho. Akaletwa bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, mkono wake begani mwa mjukuu. Nilimpa kadi yake. Akaishika juu chini, akaipapasa kwa kidole gumba. Ilibidi nitoke nje. Dani alikuwa haoni. Hakumwona ndege, hakuiona picha. Aliniamini tu, na alitoa picha yake pekee ili wengine waniamini. Alifariki bila kupigwa nyingine.

Siku hizi najua nyekundu ilikwenda wapi: iko kwenye manyoya marefu ya bawa, na ndege akitua huyakunja yakafichika. Picha ile imetundikwa ukutani kwangu, mahali pa wazee. Wajukuu wakiniuliza kile cha kijivu ni nini, nawaambia ni nyanya yangu. Wakishangaa, nawaambia waangalie vizuri, ni nyekundu.